"Mguu unauma": namna ya kutueleza maumivu kabla hatujakugusa

Kwa Kiswahili chetu mguu huanzia kwenye nyonga na kuishia kwenye vidole. Mkono nao huanzia begani. Mteja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anayesema "mguu unauma" ametutajia karibu nusu ya mwili wake, na dakika ambazo zingetumika kupima zinaishia kutafuta mahali.

Wataalamu wa viungo huhesabu kila kitu kutoka mkao mmoja: umesimama wima, uso mbele, mikono imening'inia, viganja vikitazama mbele. Kulia ni kulia kwako, si kwa anayekutazama. "Upande wa ndani" ni ule unaoelekea katikati ya mwili. Kwa goti, ni upande unaotazama goti la pili. Wengi husema "ndani ya goti" wakimaanisha nyuma ya kilegesambwa, ile pia ya goti, na hayo ni matatizo mawili tofauti. Kwa hiyo onyesha kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima. Nyonga huchanganya zaidi. Watu hushika kiuno au tako, ilhali kiungo chenyewe cha nyonga kikiugua, mara nyingi maumivu huwa mbele, kwenye kinena, na wakati mwingine husikika gotini.

Baada ya mahali, tunataka mwendo. Goti hukunjwa na kunyooshwa, na kipimo chake ni digrii: likinyooka kabisa ni 0. Kutembea kwenye tambarare kunahitaji lijikunje digrii 60 hadi 70 hivi, kupanda ngazi hukaribia 90, na kuchuchumaa chooni hufika 130 au zaidi. Ndiyo maana "natembea vizuri ila siwezi kuchuchumaa" ni maelezo yenye thamani kubwa kwetu kuliko "linauma sana". Maumivu ya mbele yanayozidi ukishuka ngazi hutufanya tuchunguze kwanza kilegesambwa, kwa sababu goti likikunjwa huku limebeba uzito, kilegesambwa hugandamizwa kwa nguvu dhidi ya mfupa wa paja. Goti linalokwama na kukataa kunyooka ni jambo jingine kabisa: huenda kipande cha gegedu, ile tishu nyororo iliyo kati ya mifupa ya goti, kimechanika na kuziba njia. Usilinyooshe kwa nguvu, na usimwachie mtu alivute.

Kwa bega, fanya jaribio dogo nyumbani. Inua mkono polepole kwa upande, kutoka pajani hadi juu ya kichwa. Mkono ukiuma katikati ya safari, takriban digrii 60 hadi 120, kisha ukatulia juu, mara nyingi zinazolalamika ni kano zinazopita kwenye nafasi finyu chini ya ncha ya juu ya bega. Kisha mwombe mtu akuinulie mkono taratibu, wewe ukiwa umeulegeza. Mkono ukipanda kwa msaada lakini haupandi wenyewe, tunashuku msuli, kano au neva. Ukigoma hata kwa msaada, kiungo chenyewe kimekaza, kama ilivyo kwa bega lililoganda, ambalo hasa hukataa kuzungushwa kuelekea nje. Mazoezi ya hali hizi hayafanani, na kumpa mtu ya mwingine humchelewesha kupona.

Kifundo cha mguu kikiteguka, tuambie unyayo uligeukia wapi. Mara nyingi hugeukia ndani, na zinazovutika ni kano za upande wa nje. Ukishindwa kupiga hata hatua nne, nenda kapigwe picha ya eksirei kwanza, kwetu baadaye.

Mgongo una hesabu yake, na inafaa kila anayebeba maji aijue. Dumu la lita 20 lina kilo 20 hivi. Ukilinyanyua likiwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli ya mgongo, inayovuta kutoka kama sentimita 5 tu nyuma yake, hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 160: 20 mara 40, gawanya kwa 5. Hapo uzito wa kiwiliwili chako bado haujahesabiwa. Lisogeze hadi sentimita 20, zinabaki 80. Dumu ni lilelile. Kilichobadilika ni umbali. Basi lisogelee, kunja magoti, na ukitaka kugeuka, geuza nyayo badala ya kusokota kiuno.

Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kiungo kilichovimba, kikawa cha moto, nawe una homa.

Siku ya kuja kwa tatizo la goti au nyonga, vaa kaptula au bukta, na uje na viatu unavyovaa kila siku. Tutazitazama soli: zilipolika hutuonyesha unavyoukanyagia mguu.