Mashairi yetu yarudishiwe pua na masikio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ukurasa wa mashairi, ukurasa ambao mimi huuanza kabla ya habari za siasa na michezo, na ambao zamani tulikuwa tukiukata kwa mkasi na kuuhifadhi ndani ya daftari. Vina bado vipo, na mizani mara nyingi imesimama sawasawa. Kilichopungua ni kwamba watunzi wetu wengi, wanapoandika juu ya utoto wao na mahali walikozaliwa, wanasifu bila kuonyesha: kwetu kwema, kwetu kuna amani, wazee wetu walijaa hekima. Msomaji anamaliza beti saba hajanusa kitu, hajasikia mlango ukilia, hajaonja hata chumvi, na ukimwuliza shairi lile limetoka wapi hawezi kukwambia kama ni Pangani au Kigoma.

Ushairi wa Kiswahili haukuzoea hivyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi yapata miaka 200 iliyopita, alikuwa na mawaidha ya kutoa, tena mawaidha yanayojulikana na kila mtu: dunia inapita, usiiamini. Angeweza kuyasema kwa beti mbili akashusha kalamu. Lakini alimchukua msikilizaji wake mpaka ndani ya majumba ya matajiri wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, yaliyogeuka magofu, akamsimamisha ukumbini, akamwacha asikilize: "Nyumba kati zao huvuma mende, kumbi za msana hulia ngende." Ngende ndiyo nyenje. Kisha akamwonyesha madaka ya ukutani yaliyokuwa ya kupangia sahani, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Mimi sijafika Pate hata siku moja, lakini nikisikia nyenje katika nyumba iliyofungwa muda mrefu, ubeti ule hunijia bila kuitwa, na mawaidha yenyewe hufuata nyuma yake taratibu.

Wanaochunguza ubongo wana maelezo ambayo yangemfaa kila mtunzi. Habari zinazoletwa na macho, masikio na ngozi hupitia kwanza katika kituo kimoja katikati ya ubongo, ndipo zisambazwe kwingine. Habari za pua hazipangi foleni hiyo, bali hufika moja kwa moja katika sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Aidha, watafiti waliowapa wazee maneno, picha na harufu, wakawataka waeleze kila kimoja kiliwakumbusha nini, waliona kuwa maneno na picha ziliwarudisha zaidi kwenye ujana wao, kati ya miaka 11 na 20, ilhali harufu iliwapeleka mbali zaidi, kwenye miaka 10 ya mwanzo wa maisha. Nikilitafakari hilo nauona ugumu wa kazi ya mshairi. Hana harufu ya kutupa mkononi. Ana maneno tu, na maneno kwa tabia yao huishia ujanani. Akitaka kutufikisha utotoni, hana budi alitume neno likafanye kazi ya pua, na neno kama "amani" au "uzuri", kwa heshima zake zote, haliiwezi kazi hiyo. "Koroboi" linaiweza. "Moshi wa vifuu" unaiweza.

Nitoe mfano wa kwetu Pemba, maana ndiko ninakokujua. Msimu wa karafuu ukiingia, mchana watu wazima wako mitini na sisi watoto tuko chini tukiokota mpeta, yaani zile zilizodondoka. Usiku kazi huhamia ukumbini, ambako vishada hurundikwa katikati na watu huzunguka kuchambua. Unakishika kishada kwa mkono mmoja, unakisokota juu ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinakatika kwa mlio mdogo, na konyo linabaki vidoleni ulitupe upande wake, kwa sababu makonyo nayo yana bei. Haupiti muda mrefu ncha za vidole zimekuwa nyeusi, zinanata, zinawasha kidogo, na ukila wali kwa mkono huo hata samaki anakuwa na ladha ya karafuu. Bibi yangu alikuwa akighani tenzi wakati huo, na sidhani kama alikuwa akitughania sisi. Alikuwa akiighania mikono yake, kwani mahadhi yaliishikilia kazi isilegee, mstari mmoja kwa kishada kimoja. Hakuna aliyewahi kunifundisha tenzi zile, na nazijua.

Miaka mingi baadaye nilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Dar es Salaam, kinywa wazi, akaniwekea dawa ya kuziba jino kwa muda. Dawa hiyo aghalabu huwa ni unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kabla sijang'amua ni harufu ya nini, nilikuwa nimekwisha fika ukumbini kwetu, na ubeti wa bibi umefika katikati. Daktari akadhani naumia, akaacha kazi na kuniuliza kulikoni. Sikuweza kumweleza, maana mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Kila mmoja wetu ana kiti chake cha namna hiyo. Mtu wa Bukoba ataniambia habari za senene wanapokaangwa mwezi wa Novemba. Wa Kigoma ataniambia mawese. Na aliyekulia katika mashamba ya mkonge ya Tanga ataikumbuka ile harufu chachu ya majani yaliyosagwa na korona, ile mashine ya kutolea nyuzi za mkonge, harufu ambayo mgeni huzibia pua na mwenyeji huvutia pumzi ndani. Mambo hayo hayamo katika mashairi tunayoletewa, ingawa wanaoyatunga ni watu hao hao wa Bukoba, Kigoma na Tanga. Nadhani wanaona haya. Wanadhani korona si kitu cha kishairi.

Wala sisemi haya ili ukurasa wako ujae watu wanaoililia zamani. Harufu haichagui mazuri. Karafuu hiyo ninayoisifu ina historia chungu: mashamba ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ni Pemba iliyolibeba zao hilo pamoja na jasho lake. Nyumbani kwetu harufu ile ilikuwa pia ni harufu ya deni, kwa sababu katika baadhi ya miaka mzee alikuwa amekwisha kuchukua fedha za watu kabla miti haijatoa maua, na sisi tulijifunza kumjua mdai kwa jinsi alivyoingiza mkono katika pakacha, akachota karafuu, akazinusa, akazirudisha bila kusema neno. Mtunzi anayenusa kweli atayakuta haya nayo. Anayesifu tu hatayakuta.

Sijidai kuwa malenga, lakini nisionekane nakosoa kwa mdomo mtupu. Ubeti wa aina inayojaza ukurasa siku hizi (nimeutunga mwenyewe, nisije nikamchoma mtu) huanza hivi: "Kwetu kwema kwapendeza, hakuna pa kufanana, kwa uzuri kwaongoza, tangu zamani na jana." Mizani haina kasoro. Na huu hapa ni wa mvua inayozinyemelea karafuu zilizoanikwa, mvua ambayo mtoto yeyote wa Pemba anajua jinsi inavyomtoa mbio popote alipo, kwani karafuu mbichi zikilowa na kurundikwa hupauka, na bei yake hushuka:

Jamvini ni karafuu, juani zinakauka,
Wingu limetanda juu, upepo umegeuka,
Twakimbia kwa miguu, na magunia twashika,
Nguo yangu kuukuu, harufu haikutoka.

Wajuzi wataona kwamba "kwa miguu" limewekwa kujaza mizani, kwani hakuna anayekimbia kwa mikono. Na iwe. Hata hivyo nina hakika kwamba kuna msomaji wako mmoja, Wete au Chake Chake au Mkoani, atakayeinua kichwa kutazama mawingu.

Upande wa masikio una habari yake, na hapa lawama si ya watunzi. Ushairi wetu uliingia magazetini ukitoka barazani. Mambo Leo lilipoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923 na kutoa nafasi kwa mashairi, mashairi yalikuwa ni kitu cha kughaniwa mbele ya watu, na karatasi ilikuwa ni njia ya kuyafikisha kwenye baraza nyingine. Leo karatasi imekuwa ndiyo mwisho wa safari. Shuleni ndiko tulikoharibu zaidi: mwanafunzi anapewa shairi alihesabu, ataje vina vya kati na vya mwisho, aonyeshe kituo, aseme kama limetimiza mizani, apate alama zake, na katika muda wote huo hakuna aliyefungua kinywa kulighani. Sina ugomvi na kuhesabu, kwa sababu mizani ni mifupa ya shairi. Lakini mizani iliwekwa ili sikio lishike kile ambacho macho yangekisahau, na kumfundisha mtoto mizani bila sauti ni kumfundisha kuogelea ubaoni.

Watoto wenyewe hawahitaji kuambiwa hili. Katika mchezo wa ukuti wanashikana mikono, wanazunguka, wanaimba "ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi, ukipata upepo, watete, watete, watetemeka", na wakifika hapo mwili mzima unatetemeka pamoja na neno. Tazama jinsi neno lenyewe linavyokatwa vipande, watete, watete, kabla halijaachiwa likamilike, kama jani linalojaribiwa na upepo mara mbili kabla ya kuchukuliwa. Aliyelitunga hatumjui, na sidhani kama kuna mshairi mwenye jina aliyemshinda. Mwimbie mstari wa kwanza mtu mzima wa miaka 60, atakumalizia, na pengine atakutajia uwanja walikochezea na nani aliyekuwa akimshika mkono wa kushoto. Mwulize mtu huyo huyo kuhusu shairi alilosomeshwa kidato cha tatu, atakwambia lilikuwa na mizani 16.

Ndugu zetu walioko Maskati, wengi wao wakiwa ni walioondoka Zanzibar baada ya 1964 pamoja na wazao wao, naona wametupita kwa jambo hili. Jamaa zangu wa huko hutumiana mashairi kwa sauti kwenye simu. Binamu yangu aliniletea beti za shokishoki na doriani, za namna ganda la doriani linavyochoma mkono na harufu yake inavyomtangulia mbebaji mlangoni, akazighani kwa mahadhi ya wazee huku kiyoyozi kikinguruma nyuma yake. Nilizisikiliza ndani ya daladala, simu ikiwa na sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na abiria wa pembeni yangu, mama ambaye hatujuani, akaniuliza doriani siku hizi zinauzwa soko gani.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni hili. Ukipokea shairi la mtu anayesifu kwao, usilitupe na usilichapishe kwanza. Mrudishie mtunzi umwulize kwao kunanuka nini asubuhi, maji waliyachota wapi, na usiku ukiwa kimya kilichokuwa kikisikika ni kitu gani, kisha umpe wiki moja alitunge upya. Pili, gazeti lako lina ukurasa katika intaneti, na watunzi wako karibu wote wana simu za kurekodia. Kila wiki lichaguliwe shairi moja, mtunzi alighani mwenyewe kwa bahari yake na kwa lafudhi ya kwao, bila ala na bila kusafishwa, ili msomaji aweze kulisikia baada ya kulisoma. Walimu wa fasihi watalichukua wenyewe bila kusukumwa, kwani najua wengi wao wanatafuta cha kuwasikilizisha wanafunzi na hawakipati.

Na kama tatizo ni nafasi, napendekeza yapunguzwe yale mashairi ya kuwapongeza viongozi walioteuliwa karibuni, kwa kuwa pongezi hizo huwa zimekwisha kutolewa katika kurasa zako za mbele, pamoja na picha.

Ni mimi msomaji wako,
Mzaliwa wa Wete, Pemba,
Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam.