Kabla hujakonvati video "iwe nyepesi", soma hapa kwanza

Tena wiki hii kuna mteja kasema tunamuibia. Kaleta video ya send-off ikiwa imeshakonvatiwa, anasema kazi yetu sisi wahariri ni kukata na kuweka muziki tu, sasa hela ya kurekebisha rangi ya nini? Halafu huyohuyo analalamika uso wa bibi harusi una mabaka. Jamani, hayo mabaka yalikuja nayo.

Kamera ilirekodi biti 10, 4:2:2 (kiasi cha rangi kinachohifadhiwa), kwa S-Log3 (aina ya Log, yaani kurekodi kwa kubana mwanga ili rangi zirekebishwe baadaye), ile picha ukiifungua unaiona imefifia kijivu kijivu. Mpiga video akaona mafaili makubwa, akayapitisha kwenye programu ya bure, yakatoka MP4 ya biti 8, 4:2:0. Kwenye simu iko poa kabisa, shida inaanza ukigusa rangi. Biti 10 ina ngazi 1024 kwa kila rangi (nyekundu, kijani, bluu), biti 8 ina 256 tu, na Log imebana mwanga mwingi sana humo ndani, kwahiyo ukiivuta ili picha iwe ya kawaida ngazi zinaachana, ndo unaona mistari mistari kwenye anga na mabaka kwenye ngozi, hasa chini ya zile taa za zambarau za ukumbini. Na usiniambie tuirudishe biti 10. Soda ndogo ukiimimina kwenye jagi haiongezeki.

Hizo 4:2:2 nazo sio urembo. Kwenye 4:2:2 nukta mbili zinachangia rangi moja, kwenye 4:2:0 ni nukta nne zinachangia rangi moja. Jicho halishtuki, ila skrini ya kijani (lile pazia la nyuma tunalolifuta ili kuweka picha nyingine) inashtuka. Kuna tangazo la duka la vitenge lililetwa hivyo, kingo za nywele za dada zikawa zimeliwa liwa, tukazikata kwa mkono fremu kwa fremu, na bili ikapanda kuliko angeleta kadi ya kamera yenyewe.

Weusi kugeuka kijivu, au suti nyeusi kuwa doa moja lisilo na mikunjo, hiyo mara nyingi ni programu kuchanganya 16–235 na 0–255, vipimo viwili tofauti vya kutoka weusi mpaka weupe. Kama ni lebo tu ya faili imekosewa, inarekebishika, hatukuchaji. Za iPhone pia, kuanzia iPhone 12 zinarekodi HDR (picha ya mwanga mpana kuliko kawaida), ukizichanganya na kamera nyingine bila kuzigeuza kwenda Rec.709 (kiwango cha rangi cha video za kawaida) nyuso zinawaka au zinapauka.

Sasa bei. Najua H.265, ule mbano mkali wa video wa kamera nyingi, inakwamisha laptop, ndo maana watu wanakonvati. Sisi pia tunakonvati, ila kwenda kwenye faili ZITO la kuhariria lisilobanwa sana, ProRes 422 au DNxHR HQX. ProRes 422 ya 1080p kwa fremu 30 inakula kama GB 66 kwa saa moja, piga hesabu harusi ya kamera mbili kuanzia kanisani mpaka usiku ukumbini. Hiyo ndo hela ya diski, na kompyuta inashinda inafanya hiyo tu. Ila kama kamera yako ilirekodi biti 8 tangu mwanzo tutakwambia, hatukuuzii ubora ambao haupo.

Kwahiyo lete kadi, au kopi folda nzima kama ilivyo, hata vile vifaili vidogo unavyoona havina maana usivifute. Klipu fupi ya WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama video. Na kadi usiifomati mpaka tukupigie.