Barua kwa Meneja: friji la mvinyo, na yule kijana wa kaunta

Forest ya Zamani,
Mbeya.
9 Julai

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mbeya.

YAH: FRIJI LA MVINYO LA CHUPA 32, NA FEDHEHA NILIYOIPATA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Salaam. Nakuandikia kwa heshima, na heshima yenyewe naomba uipokee mapema maana imebaki kidogo. Masharti ya waranti yenu unayajua kuliko mimi, sina haja ya kukunakilia. Risiti ninayo. Kadi yenye muhuri wenu ninayo. Namba ya friji mnayo kwenye faili, kama faili lipo.

Naanza na Jumatano iliyopita, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Nilifika kauntani saa nne asubuhi. Kijana wenu, ambaye jina lake sikulijua kwa kuwa kitambulisho alikivaa kimegeukia kifuani, hakuniamkia. Nina miaka 63, nimefundisha sayansi miaka 34. Hata vijana wanaouza parachichi pale Uyole hunipa shikamoo kabla ya kunitajia bei. Huyu aliniona, akageuka, akapaza sauti kuelekea stoo: "Fundi! Yule bibi wa friji la pombe karudi tena!" Duka zima likageuka. Kwenye benchi alikuwepo mama ninayeimba naye kwaya, na binti niliyemfundisha darasa la saba, sasa ana mtoto mgongoni. Kijana akaendelea, kwa sauti ileile: "Kwani bibi, chupa zote hizo unamaliza mwenyewe?" Watu wakacheka. Nikatoa risiti kwenye pochi mkono ukitetemeka, na si kwa uzee.

Sasa tuje kwenye friji lenyewe.

Lile friji watoto wangu walinichangia nilipostaafu, shilingi 1,950,000, tarehe 22 Machi. Mvinyo ninaoweka humo ni wa Dodoma, naletewa na mdogo wangu anayeishi huko. Na hata kama ningekuwa nanywa chupa zote mwenyewe, Meneja, swali hilo halimo kwenye fomu yenu ya matengenezo.

Wiki za mwanzo lilifanya kazi vizuri, nasema kweli. Mwezi wa nne, kabla hata mvua hazijakata, likaanza kunguruma mfululizo. Kompresa, ile pampu ya gesi nyuma ya friji, kwa friji lisilo na kasoro huwaka, ikapumzika, ikawaka tena. Hii ikawa haizimi usiku kucha, halafu ukuta wa nyuma wa chumba cha chini cha friji ukaota barafu. Kioo cha mbele kinaandika nyuzi 12. Mimi nina kipimajoto changu cha maabara, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji nikaiweka humo ndani usiku mzima, maana ukipima hewa tupu inabadilika kila unapofungua mlango. Asubuhi kikasoma nyuzi 3. Kioo bado kinasema 12. Mtoto wa kidato cha pili angekwambia kwamba kile kijiwaya cha kupima joto kinadanganya, na kompresa inamwamini mwongo.

Nikawapigia simu. Dada wa simu ana adabu, naye nampa haki yake, lakini alikuwa anasoma karatasi. Mama, chomoa dakika kumi halafu chomeka. Nimefanya. Mama, angalia mpira wa mlango. Nimeuangalia kwa noti ya elfu kumi: unaibana mlangoni, unavuta, kama inatoka bila kushikwa basi mpira umelegea. Niliizungusha pande zote nne na kila mahali ilishikwa. Mama, lisogeze kutoka ukutani. Limekaa sentimita 10 kutoka ukutani tangu siku ya kwanza, na vumbi la nyuma nalisafisha kwa brashi kila Jumamosi. Mama, huenda halijakaa sawa. Nimeazima pimamaji kwa fundi mwashi jirani yangu, kiputo kikasimama katikati kama kimepigiliwa msumari. Mama, umeme wa huko je? Nimenunua stabilaiza kwa hela yangu. Baada ya hapo karatasi yake ikaisha. Akasema fundi atakuja ndani ya siku tatu.

Alikuja baada ya siku 19.

Fundi wenu hakuwa na kipimajoto wala mita. Alilipiga friji ubavuni kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji, akasikiliza, akasema: "Gesi imeisha, mama. Laki na ishirini." Nikamuuliza, gesi ikiisha friji linapataje nguvu ya kuota barafu? Akanyamaza. Akaenda kwenye bodaboda akarudi na mtungi ulioandikwa R134a. Kibandiko cha nyuma ya friji lenu kimeandikwa R600a, na pembeni kuna alama ya moto, kwa sababu hiyo ni gesi inayoshika moto na hazichanganywi hizo mbili. Sikuhitaji digrii kujua hilo, nilihitaji miwani. Nikamwambia mwanangu, funga mfuko wako, nenda salama. Akaondoka amenuna, na nauli ya bodaboda akanidai. Nikampa elfu tano. Hiyo nayo naihesabu.

Nasikia aliripoti kwenu kwamba mteja "alikataa huduma".

Halafu ikaja sendofu ya binti yangu, Jumamosi ya tarehe 28 Juni. Nilikuwa nimejaza chumba cha chini mvinyo mweupe, chupa 14, nimezilaza vizuri. Ijumaa usiku kioo kinasema 10, na mimi, mjinga wa mwisho, kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa wageni, sikupima. Alfajiri nilifungua nikakuta vizibo vimesukumwa nje kama vidole gumba. Chupa 7 zilizogusa ukuta wa nyuma zimeganda, mbili zimepasuka, na vigae vya jikoni vinanata. Mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 haugandi kwenye sifuri kama maji. Unataka nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Friji linalojitangaza halishuki chini ya nyuzi 5 lilifika huko likiwa linaandika 10 kwa uso mkavu. Wakwe walikunywa soda. Walisema hakuna shida mama, na mnajua mkwe akisema hakuna shida maana yake nini.

Ndiyo maana Jumatano nilikuja mwenyewe. Nilikuja na chupa moja iliyopasuka nimeifunga kwenye gazeti, na daftari lenye vipimo vya wiki tisa, asubuhi na jioni. Kijana wenu hakulifungua. Alikuwa anakula karanga. Nitarudia, Meneja, kwa sababu hapo juu nimekuandikia kwa kifupi na kuna mambo niliona aibu kuyaandika. Alikuwa anakula karanga, maganda anayasukumia upande wangu wa kaunta, miguu ameiweka juu ya kile kiti cha wateja, kiti ambacho mtu wa umri wangu angekalia. "Fundi! Yule bibi wa friji la pombe karudi tena!" Mlinzi wenu wa mlangoni naye alicheka, yuleyule aliyelibeba friji hilo hadi kwenye gari mwezi wa tatu na nikampa hela ya soda. Nilipofungua gazeti kumwonyesha chupa, harufu ikatoka, ndipo akaniuliza kama namaliza mwenyewe. Mama wa kwaya aliangalia chini. Binti niliyemfundisha alisimama akanipisha kwenye benchi, akaniambia shikamoo mwalimu, na huyo peke yake ndiye aliyenitendea kama mtu siku ile ndani ya duka lenu. Kisha kijana akajaza fomu bila kuniuliza neno. Ninayo nakala. Penye "Tatizo" ameandika: "Mteja hajui kutumia. Baridi ya Mbeya."

Baridi ya Mbeya! Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Mbeya tuko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni tumezaliwa nayo, haikuletwa na mimi. Na kweli nilikwenda kusoma kibandiko chenu: kimeandikwa daraja N, yaani friji hilo limetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 16 hadi 32. Kuna friji za daraja SN zinazoanzia nyuzi 10. Kwa hiyo kama baridi ndiyo tatizo, nyinyi wenye duka hapa Mbeya, mnaovaa makoti mkifungua duka asubuhi, mlijua mnaniuzia nini? Hamkuniuzia Tanga. Nani aliniambia dukani, "Mama, hili halifai kwa Juni ya huku"? Hakuna. Niliambiwa ni la kisasa na taa zake ni za bluu.

Lakini baridi siyo tatizo, na naomba fundi wenu asiipate hiyo kama mlango wa kutokea. Friji linapowekwa kwenye chumba chenye baridi kuliko linavyotaka, kompresa hupumzika kupita kiasi, haingurumi usiku kucha. Halafu lilianza kuharibika mwezi wa nne. Na limekaa ukutani mwa jikoni, ambako kipimajoto hichohicho kinasoma 18 hata asubuhi. Yote yamo kwenye daftari ambalo halikufunguliwa.

Mwezi wa tano ningeridhika na kubadilishiwa kile kijiwaya. Kifaa kidogo, kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua. Baada ya sendofu ningekubali friji jingine. Sasa sitaki friji jingine kutoka kwenu. Nataka yafuatayo, na naomba uyasome taratibu.

Fedha yangu yote, shilingi 1,950,000. Chupa 14, kwa sababu zile ambazo hazikupasuka vizibo vilifunguka na mvinyo ulioingiwa na hewa siku mbili umeshaharibika ladha. Stabilaiza niliyoambiwa ninunue. Ile elfu tano ya bodaboda, na nauli zangu za bajaji za mara nne. Risiti na hesabu nimeambatanisha. Na fomu ile ifutwe, iandikwe upya, kwa sababu sitakubali kubaki kwenye faili lenu nikiitwa mtu asiyejua kutumia friji baada ya kuwafundisha watoto wa mji huu jinsi joto linavyohama.

Kuhusu kijana, nilipoanza barua hii nilikuwa nataka tu umkanye. Nikiendelea kuandika naona haitoshi. Alinitangaza kwa sauti mbele ya watu, basi na radhi iombwe kwa sauti palepale kauntani, saa nne asubuhi, duka likiwa na watu, na wewe ukiwepo. Sitaki afukuzwe kazi, ana mama yake huyo. Nataka aniamkie.

Nilitaka kuwapa siku 14. Lakini mlinipa fundi kwa siku 19 mlizoziita tatu, kwa hiyo nawapa hadi Ijumaa ya tarehe 18. Ikifika jioni bila simu yako, Jumatatu asubuhi barua hii, daftari, picha za vizibo na nakala ya fomu vinakwenda Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji. Na mwanangu wa pili, aliyechangia laki sita kwenye lile friji, ni wakili. Ameshanisomea Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, pale inaposema bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Yeye alitaka twende mahakamani moja kwa moja. Mimi ndiye niliyemzuia, na kila nikikumbuka zile karanga nguvu ya kumzuia inapungua. Mama wa kwaya, kwa taarifa yako, amesema atatoa ushahidi.

Friji nimelichomoa, mlango nimeuacha wazi kidogo lisinuke. Mje na gari lenu na watu wenu, siku za kazi baada ya saa kumi. Mlibebe likiwa wima. Mkililaza, mafuta ya kompresa yatahama na itabidi lisimame siku nzima kabla ya kuchomekwa, ingawa hilo sasa ni shida yenu.

Wako,

Mwalimu mstaafu,
mteja mwenye risiti.

Viambatanisho: nakala ya risiti, kadi ya waranti, daftari la vipimo (kurasa 9), nakala ya fomu ya 2 Julai, picha 6. Chupa iliyopasuka ipo, mkiitaka.