Uchungu Unaobaki Ulimini Baada ya Stevia

Wateja wetu wengi hapa Ngamiani, Tanga, wakirudi dukani baada ya kununua majani ya stevia, mmea mtamu unaotumika badala ya sukari, huwa na neno moja: utamu upo, lakini mwishoni kuna uchungu. Ni kweli, na sehemu kubwa ya uchungu huo unaweza kuuzuia jikoni kwako.

Utamu wa jani hili si wa aina moja. Ulio mwingi ni steviosidi, iliyotengwa mwaka 1931 na wanakemia wa Kifaransa Bridel na Lavielle, na ndiyo inayoacha uchungu nyuma. Mwenzake, rebaudiosidi A, ni tamu zaidi na uchungu wake ni mdogo. Maji ya moto pekee yanatosha kuzitoa zote mbili. Ila majani yakitokota muda mrefu hutoa pia tanini, ule ukakasi wa chai iliyosahaulika motoni.

Kwa hiyo usiyachemshe majani. Chemsha maji, epua, yaache yatulie kidogo, kisha yamimine juu ya majani makavu uliyoyavunja kwa mkono. Usiyasage: unga hupenya kitambaa na kuendelea kukolea ndani ya chupa. Funika kama dakika 10, onja, chuja. Ukitaka maji mazito, yarudishe jikoni yakiwa yameshachujwa, moto mdogo, yapungue hadi nusu. Moto wa jikoni hauharibu utamu wake. Yaweke kwenye friji na uyatumie mapema, maana hayana sukari ya kuyahifadhi kama sharubati.

Halafu kipimo. Jani kavu ni tamu takriban mara 10 hadi 15 kuliko sukari. Kwa kikombe cha chai ya tangawizi anza na majani ya ncha ya kijiko. Ukizidisha, kinachoongezeka ni uchungu. Kashata usijaribu kabisa. Ile hushikana kwa sababu ya sukari iliyoyeyuka, na stevia haina mwili huo.

Tunaulizwa pia unga mweupe. Huo ni kazi ya kiwanda: maji ya majani hupitishwa kwenye chembe za resini zinazonasa utamu, utamu ukaoshwa kwa alkoholi, kisha ukagandishwa hadi usafi wa asilimia 95. Ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Sisi hatuutengenezi, na hatutaki kukuchanganya: kiwango cha usalama cha wataalamu wa FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya), miligramu 4 za stevioli, kiini cha kemikali cha utamu huu, kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kiliwekwa kwa unga huo uliosafishwa, si kwa majani. Ndiyo maana hatuuzi majani haya kama dawa. Mwenye kisukari aendelee na dawa zake na vipimo vyake, na amweleze daktari anachotumia.

Unyevu wa pwani huharibu majani upesi, hivyo yahifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ukipita dukani tutakuloweshea kikombe uonje kwanza, ndipo uamue kununua.