Yah: Malalamiko kuhusu ziara ya nusu siku ya Bwawa la Hoover

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua kwenu ziara ya nusu siku ya Bwawa la Hoover, Marekani, kwa watu wawili: mimi na baba yangu mzazi. Tulikuwa Las Vegas kwa mahafali ya mdogo wangu, na ziara yenyewe ilifanyika Jumamosi, tarehe 12 Julai. Tulilipa dola 118 kila mmoja, jumla dola 236, kwenye ofisi yenu ya hapa Dar. Risiti nimeiambatisha. Tangu turudi nimewatumia jumbe nne kwa simu. Jibu nililopata ni kwamba "changamoto ilitokea kwa wakala wa kule" na kwamba nitapewa punguzo la asilimia 10 nikisafiri nanyi tena. Punguzo silitaki. Nataka mtu mmoja pale ofisini anisome mpaka mwisho.

Kilichonileta kwenu ni kipeperushi chenu. Kimeandikwa hivi, kwa herufi nene: "Ingia NDANI ya Bwawa la Hoover, shuka hadi kwenye mitambo, ukiwa na mwongozaji anayezungumza Kiswahili." Neno NDANI mmelikoleza wenyewe, si mimi. Nilimuuliza dada wa dirishani mara mbili kama kweli tutashuka. Akaniambia, "Dada, hiyo ndiyo ziara yenyewe."

Niliuliza mara mbili kwa sababu ya mzee. Baba alifundisha jiografia kwa miaka 31. Bwawa hilo alikuwa akilichora ubaoni kwa chaki kila mwaka: ukuta unavyoonekana ukikatwa ubavuni, chini mnene, juu mwembamba, kama kabari iliyosimamishwa. Nyumbani tulivijua vipimo hivyo kama wengine wanavyojua majina ya wachezaji. Kimo mita 221. Unene wa kitako mita 201. Unene wa juu mita 14. Kisha swali lake: kwa nini tofauti kubwa hivyo? Na ole wako ujibu "ili lisianguke". Alitaka umwambie kwamba maji hayasukumi sawasawa, kwamba kadiri kina kinavyozidi ndivyo msukumo unavyozidi, na kwamba ukuta ule umepindwa kulielekea ziwa ili sehemu ya msukumo huo ibebwe na miamba ya korongo, upande huu jimbo la Nevada na upande ule jimbo la Arizona.

Hakuwahi kuliona. Sasa ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na tulipomwambia kuhusu ziara alitaja jambo moja tu. Alikuwa amesoma kwamba wageni wanaoshuka kwenye mitambo ya kuzalisha umeme husimama juu ya moja ya mabomba yanayopeleka maji kwenye mitambo hiyo, bomba lenye kipenyo cha mita 9 hivi, na kwamba maji yakipita unasikia mtetemo kwenye nyayo. "Hapo tu," alisema. "Nikishasimama hapo, mengine mtanisimulia."

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Ratiba yenu ilisema tungechukuliwa hotelini saa 1:30 asubuhi. Basi lilifika saa 2:15. Kutoka Las Vegas mpaka bwawani ni kama kilomita 50, mwendo usiofika saa moja. Lakini tulizunguka hoteli sita kuokota abiria, tukasimamishwa kwenye duka la zawadi kwa dakika 35 ambazo hazimo kwenye ratiba, na huko dereva alikuwa akisalimiana na wenye duka kwa majina. Mnaelewa ninachosema. Boulder City, mji uliojengwa kuanzia mwaka 1931 kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa, na ambako mpaka leo kamari ni marufuku ingawa uko Nevada, jimbo linaloruhusu kamari, ulipita dirishani bila mtu kuutaja. Baba ndiye aliyeutaja.

Kituo cha kwanza kilikuwa daraja kubwa linalokatiza korongo mbele ya bwawa, lile lililofunguliwa mwaka 2010. Hapo sina lawama. Ukisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, ukuta wote uko mbele ya macho yako, mweupe, na nyuma yake Ziwa Mead na ule utepe mweupe kwenye miamba unaoonyesha maji yalikokuwa zamani. Baba alishika chuma cha daraja akanyamaza muda mrefu. Nilidhani ni joto. Hapana, alikuwa analinganisha na mchoro wake.

Tulishuka bwawani saa 5:05. Mwongozaji akatutangazia kwamba tuna dakika 50 za kutembea juu ya ukuta, kupiga picha na kwenda msalani, kisha turudi garini. Nikamuuliza: na kushuka? Akasema, namnukuu, "Hayo mambo ya chini hayapo kwenye programu yetu, ila ukitaka unaweza kukata tiketi mwenyewe." Nikamwonyesha kipeperushi. Alikisoma, akakisoma tena, akaniambia hajawahi kukiona.

Nilikwenda dirisha la tiketi mwenyewe. Mama aliyekuwepo alinieleza kwa subira kuliko mtu yeyote niliyezungumza naye tangu nianze safari hii. Kuna ziara mbili zinazokwenda ndani. Ile ndefu, ya kupita kwenye mahandaki ya ukuta wenyewe, tiketi zake huuzwa palepale tu, anayewahi ndiye anayepata, na za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Ile fupi, ya kushuka kwa lifti mpaka kwenye mitambo, huchukua kama nusu saa, na tiketi zake mtu anaweza kuzinunua mapema kwa mtandao. Nafasi mbili zilikuwepo kwa kundi la saa sita kamili. Basi letu lilikuwa linaondoka saa 5:55. Nikamwomba mwongozaji atusubiri, akampigia mtu simu, na jibu likawa hapana, abiria wengine wana ndege.

Mtizame jambo hilo vizuri. Tiketi ambayo kipeperushi chenu kiliiahidi inanunuliwa kwa mtandao, na mlikuwa na fedha zetu mkononi majuma sita kabla. Hakuna "changamoto ya wakala wa kule" hapo. Hakuna aliyeinunua kwa sababu hakuna aliyekusudia kuinunua.

Nilirudi kumwambia baba. Alikuwa amekaa kwenye kivuli karibu na zile sanamu mbili za shaba zenye mabawa, ambazo watu huzisugua vidole vya miguu kwa ajili ya bahati mpaka vidole vimebaki vinang'aa peke yake. Joto lilikuwa limepita nyuzi 40, na maji ya chupa mliyoahidi yalikwisha kabla hayajafika viti vya nyuma, lakini hilo nalipita. Nilipomweleza, hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliuliza lifti iko upande gani, nikamwonyesha, akaenda kusimama kule akiangalia watu wakiitwa wajipange. Alisimama kama dakika kumi. Kisha akasema, "Haya, twende tukaone saa."

Hizo saa ni sehemu ya pili ya malalamiko yangu, yaani huyo mwongozaji wenu. Naomba msimwadhibu. Ni kijana wa kwetu, mwanafunzi, mwenye adabu, aliyempa baba shikamoo na mkono wa kumsaidia kushuka ngazi. Kiswahili anacho. Alichokosa ni mafunzo, maana mlimkabidhi karatasi moja iliyochapwa na kumwambia asome. Alipofika katikati ya ukuta alitusomea kwamba ukivuka mpaka wa majimbo unaingia kwenye saa nyingine, "mnazidi saa moja hapohapo". Baba akanyoosha fimbo kuelekea minara ya kuingizia maji, ambako kuna saa ya Nevada na saa ya Arizona. Zote zilisoma 5:20. Wakati wa kiangazi Nevada husogeza saa mbele, Arizona haisogezi, kwa hiyo Julai saa za majimbo hayo mawili zinalingana. Saa zimetundikwa pale kila mgeni azione, na karatasi yenu inawaambia wageni kinyume cha kinachoonekana.

Iliendelea. Bwawa lenye kimo kikubwa kuliko yote duniani, ilisema karatasi. Lilikuwa hivyo lilipokamilika miaka ya 1930. Leo hata Marekani kwenyewe linapitwa na Oroville la California. Ikasema pia kwamba umeme wote wa Hoover unawasha taa za Las Vegas. Hapana, sehemu kubwa huenda California, na Nevada hupata kama robo. Halafu ikaja ile hadithi kwamba kuna vibarua waliozikwa ndani ya zege la bwawa.

Hapo baba hakuweza kuvumilia. Akamwambia yule kijana, kwa sauti ileile ya darasani, "Mwanangu, hapana." Akaeleza kwamba zege halikumwagwa kwa mkupuo. Lilijengwa kwa vitalu, ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo ilipandisha kitalu kwa sentimita chache tu, kimo kisichoweza kumfunika mtu mzima bila wenzake kumwona. Tena hakuna mhandisi ambaye angekubali kuacha mwili uoze na kuacha tundu ndani ya ukuta unaobeba mto mzima wa Colorado. Waliokufa kazini wamehesabiwa rasmi, 96, na wengi wao kwa mambo ya kawaida ya kazi ngumu: kuanguka, kupigwa na mawe, baruti. Mtu mmoja akauliza zege jingi vile, ambalo hutoa joto linapoganda, lilipoaje. Baba akafurahi kama kaulizwa na mwanafunzi wake. Akaeleza jinsi walivyolaza ndani ya vitalu mabomba membamba ya chuma, zaidi ya kilomita 900 ukiyaunganisha, na kupitisha maji baridi, kwa kuwa lingeachwa lipoe lenyewe lingechukua zaidi ya miaka mia na kupasukapasuka.

Nilipogeuka, abiria wote walikuwa wamemzunguka yeye. Familia moja kutoka Nairobi ilimfuata mpaka mlangoni mwa basi ikiuliza maswali. Kijana wenu alikunja karatasi yake akaitia mfukoni, akabaki akisikiliza, na nadhani ameondoka na elimu nzuri. Lakini muone kilichotokea, Ndugu Meneja. Mzee aliyelipa dola 118 aongozwe ndiye aliyewaongoza wateja wenu, juani, kwa miguu mibovu, bure.

Saa 5:55 tuliondoka. Saa sita kamili, kundi lile lilikuwa linashuka.

Sasa madai yangu. Sidai fedha zote, kwa sababu tulipelekwa, tukarudishwa salama, na daraja lilikuwa zuri. Nadai nusu: dola 118, irudishwe kwenye namba ileile iliyolipia. Hilo punguzo la asilimia 10 mpeni anayelitaka.

Nadai pia lile neno NDANI litoke kwenye kipeperushi na kwenye kurasa zenu zote mpaka siku mtakayoanza kununua tiketi za kushuka pamoja na malipo ya mteja. Jana nimeangalia, bado lipo. Kama mnauza ziara ya juu ya bwawa, iandikeni ya juu ya bwawa, na muishushe bei. Wapo watu ambao hiyo inawatosha kabisa.

Na ile karatasi ya mwongozaji itupeni. Baba amejitolea kuwaandikia nyingine. Nilimkataza, akaniambia si kwa ajili yenu, ni kwa ajili ya yule kijana.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na kipeperushi, risiti na picha za zile saa mbili, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 haikuwasahau wanaompotosha mteja kwa matangazo. Nisingependa kufika huko. Ofisi yenu iko mitaa miwili kutoka kazini kwangu na tutaendelea kuonana.

La mwisho. Jumbe zangu zote nne mlizijibu kwa kunitakia "siku njema mpendwa mteja". Safari hii msinijibu mimi kwanza. Mpigieni mzee, mumwombe radhi. Namba yake imo kwenye fomu ya safari. Apige mtu mzima, mwenye cheo, na aanze na shikamoo. Msimpigie mchana, hulala. Baada ya saa kumi na mbili jioni anakuwa barazani na simu iko karibu.

Wenu,

Mteja (jina na saini vimo kwenye fomu iliyoambatishwa)

Viambatisho: risiti ya malipo, kipeperushi, ratiba ya safari, picha tatu.