Herufi H kwenye karatasi ya lipesi si hukumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nilifanya kazi ya maabara mpaka nikastaafu, na hapa mtaani wenye karatasi za majibu hupita kwangu kabla ya kurudi kwa daktari. Siku hizi naletewa sana lipesi, kile kimeng'enya cha kongosho kinachomeng'enya mafuta. Kongosho likiumia, lipesi nyingi huvujia kwenye damu.

Juzi jirani alikuja na lipesi 74. Maabara ile imeandika mwisho wa kawaida ni 60, na pembeni wameweka H, yaani iko juu ya kawaida. Tumbo halimuumi, ugali anakula. Lakini alishauziwa chupa ya "dawa ya kusafisha kongosho" kwa bei ambayo ingemnunulia mfuko wa saruji!

Madaktari, ili waseme kongosho limevimba ghafla, hutafuta mambo mawili kati ya matatu: maumivu makali ya tumbo la juu, ambayo mara nyingi hupenya hadi mgongoni; kimeng'enya kilichofika walau mara tatu ya mwisho wa kawaida; na picha, kama ya CT, inayoonyesha uvimbe. Kwa maabara ile mara tatu ni 180. Huyu ana 74 na hana maumivu. Hata figo zikichoka, lipesi hupanda.

Amilesi, kimeng'enya kingine cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, ndiyo ina vituko zaidi, maana hutoka pia kwenye tezi za mate. Mtoto mwenye matubwitubwi aweza kuwa nayo juu sana na kongosho lake ni zima. Tena hushuka upesi, pengine siku tatu hadi tano, wakati lipesi hukawia wiki moja hadi mbili. Aliyeugulia nyumbani siku kadhaa akipimwa amilesi peke yake, ataambiwa hana kitu. Palipo na lipesi, sioni sababu ya kumlipisha mgonjwa vyote viwili.

Wala sioni sababu ya kukirudia kipimo kila asubuhi wodini. Ukubwa wa namba hauonyeshi ukali wa ugonjwa: mwenye elfu mbili aweza kupona haraka, na mwenye mia nne akaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Fedha hiyo afadhali iende kwenye ultrasaundi ya mfuko wa nyongo, kwani mawe ya nyongo, pamoja na pombe, ndiyo visababishi vikubwa.

Kinachonikera hasa ni karatasi zinazotolewa bila kiwango cha kawaida. Kila mashine na kemikali zake ina kiwango chake. 74 hiyo hiyo kwingine ingehesabiwa ya kawaida. Wenye maabara, chapeni kiwango kando ya kila jibu. Na mwenye maumivu makali anayetapika asije kwangu na karatasi. Aende hospitali, hata kama amilesi ya jana ilikuwa sawa.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Kihonda, Morogoro