Usisaini Kabla Hujaisoma Barua Hii

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi huku ni wazima, bibi yako pia, ila miguu yake ndiyo ile ile. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ukisikia jambo usilolitaka unasema mtandao unakatakata. Umeshasaini? Kama bado, soma kwanza hadi mwisho.

Baba yako kafurahi mno, kawatangazia mpaka wenzake wa msikitini kwamba mwanawe anakwenda Marseille, Ufaransa, kutengeneza filamu kwa fedha za wafadhili. Na mimi nimefurahi, usidhani vingine. Nilipoisoma skripti yako nilimpelekea jirani naye aisome. Lakini uliponiambia sharti lao ni waigizaji wote waongee Kiingereza, usingizi ulinipaa. Filamu ni ya wanawake wa mnada wa samaki pale Deep Sea, hapa kwetu Tanga. Shangazi yako yumo humo, hata kama umembadilisha jina. Mnada ule utanadiwaje kwa Kiingereza? Na shangazi akija kuiangalia, utakaa ubavuni mwake umtafsirie maneno yake mwenyewe?

Katika mji huo unaokwenda aliwahi kuishi Sembène Ousmane, mwandishi na mtengeneza filamu wa Senegal. Wewe unamjua kwa filamu zake. Mimi nilimjua kwa Hawala ya Fedha, tamthilia ambayo Amandina Lihamba aliiandika kwa Kiswahili kutokana na hadithi yake. Mzee Ibrahima Dieng wa Dakar, hana kazi, ana wake wawili, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris. Faranga 2,000 ni zake, 3,000 ni za dada yake, mama wa kijana, na 20,000 amtunzie. Posta wanataka kitambulisho. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa na picha. Wa vyeti wanataka tarehe, naye anachojua ni kwamba alizaliwa mnamo 1900. Mpiga picha anamla hela. Majirani wameshanusa kuna fedha, kila mtu anakuja na shida yake, na deni la dukani linapanda. Mwishowe kijana msomi, mwenye suti na gari, anamwandikisha hati ya uwakili ili amtolee fedha zile. Zinaishia mikononi mwa huyo kijana. Mzee anarudi nyumbani na gunia la mchele. Kila darasa nililoisoma nalo hadithi hiyo halikukosa mtoto ambaye babu yake kazungushwa hivyo hivyo kwa ajili ya mafao yake.

Sasa sikia kisa cha filamu yenyewe, Mandabi, ambayo Sembène aliipiga 1968 kutokana na hadithi hiyo hiyo, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikuandikie. Sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Ufaransa, na Wafaransa walitaka filamu ya Kifaransa. Hakuzikataa fedha zao. Alipiga filamu mbili, moja ya Kifaransa ya kuwaridhisha wao na moja ya Kiwolofu ya watu wake, waigizaji wakirudia kwa Kiwolofu yale yale waliyoyasema kwa Kifaransa. Hebu fikiria gharama ya filamu na jua la Dakar. Ile ya Kiwolofu ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Kwa hiyo usiniambie hakuna njia. Njia ipo, ila inachosha.

Tena hakuanza hivyo. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, baba yake mvuvi, shule hakuimaliza. Kawa fundi makanika, kawa fundi mwashi, kawa askari wa Wafaransa wakati wa vita, kisha kuli katika bandari ya Marseille. Huko mgongo ukavunjika kazini. Alisoma katika maktaba ya chama cha wafanyakazi, akaingia na Chama cha Kikomunisti, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1956. Mwaka 1960 alitoa kile kitabu kikubwa kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger, ule wa 1947 hadi 1948, ambamo wanawake wanatembea kwa miguu kutoka Thiès mpaka Dakar. Kitabu kilisifiwa sana. Lakini kiliandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wanawake wa aina ile wasingeweza kukisoma. Hilo lilimkera mpaka akaenda Moscow kujifunza filamu, mtu mzima wa karibu miaka 40, darasani na vijana. Hata filamu zake za mwanzo, ya mwendesha mkokoteni na ya yule mtumishi wa ndani aliyepelekwa Antibes, Ufaransa, sauti zake zilikuwa za Kifaransa. Aliona kasoro, akabadilika. Baadaye Kifaransa hakikutoweka katika kazi zake, ila alikiweka kinywani mwa wale wanaokiongea kweli, tena kwa makusudi.

Itazame tena filamu yake Xala, usiitazame kama mwanafunzi wa kamera. Yule mfanyabiashara amekamata kiti kilichoachwa na Mfaransa, anakunywa maji ya chupa kutoka Ufaransa, na maji hayo hayo yanaoshea Mercedes yake. Binti yake, Rama, anakuja kuzungumza naye. Baba anasema Kifaransa, binti anajibu kwa Kiwolofu, baba anazidi Kifaransa, binti anazidi Kiwolofu, mpaka mzee anapandwa na hasira. Hakuna bunduki wala hotuba pale, lakini siasa yote ya Sembène imo. Wakoloni wameondoka, na kati ya mwananchi na haki yake amesimama mtu mweusi mwenye lugha ya karatasi. Huyo ndiye aliyemla Dieng hela zake. Huyo ndiye anayekaa dirishani huku kwetu pia, na sitaki mwanangu awe yeye.

Usije ukasema mama anataka ngoma na vibuyu. Sembène hakuabudu mila. Moolaadé aliipiga katika kijiji cha Burkina Faso akiwa na miaka kama 80, na ni filamu ya mwanamke anayewakinga wasichana wasikeketwe, huku wanaume wakikusanya redio za wake zao na kuzichoma. Wala hakuwabembeleza watu wa dini. Filamu yake Ceddo ilinichoma mimi Mwislamu, kwa jinsi alivyomchora yule imamu, na mpaka leo naona alizidisha. Lakini nikaikalia nikaifikiri, na ndicho alichotaka. Serikali ya Rais Senghor iliizuia, ikasingizia tahajia, eti neno hilo liandikwe kwa d moja na si mbili. Rais mshairi, na filamu inazuiwa kwa herufi! Sembène hakuifuta.

Alikuwa akisema sinema ni shule ya jioni. Akazibeba filamu zake mpaka vijijini, akawasha, akakaa akajadiliana na watu hadi usiku. Wewe ungeijadili na nani ya kwako, kwa Kiingereza, pale Deep Sea?

Najua utanijibu kwamba shule niliyokupeleka ndiyo iliyokuvisha kile kibao shingoni kila ulipoteleza ukasema Kiswahili. Ada nililipa mimi. Usilitumie hilo kama jibu, maana ndiyo sababu ya mimi kukung'ang'ania hivi.

Fanya hivi. Waambie waweke maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Wakikataa, omba siku za ziada upige mara mbili kama Sembène. Wakikataa na hilo, rudi tuzungumze kabla hujaweka kalamu. Baba yako atasema fedha haziokotwi, na ni kweli. Lakini hata Camp de Thiaroye, ya wale askari waliouawa na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944, alipofika kuitengeneza fedha zilitoka Senegal, Algeria na Tunisia. Mtu anaweza kubisha hodi mlango mwingine. Soma pia mkataba unasemaje kuhusu nani atakayeimiliki filamu, maana hilo hukuniambia, na sijui kama umeliuliza.

Koti la baridi nimelipata sokoni, mtumba lakini zito, zipu yake imebadilishwa. Nitampa binamu yako akuletee Dar Jumapili, pamoja na dagaa na ile dawa yako ya kifua. Mchango wa harusi ya dada yako nimekulipia, utanirudishia ukipata. Bati la jikoni limeanza kuvuja upande wa jiko la mkaa, fundi ameomba misumari na shuka mbili za bati, kwa hiyo kama unatuma kitu mwezi huu kitume kabla ya masika. Shangazi anasema zile picha ulizompiga na ndoo ya vibua anazitaka zisafishwe, akuonyeshe mwenyewe ipi ya kuweka ukutani.

Nipigie ukishaisoma, na useme umesaini au hujasaini.

Mama yako,
Tanga